Ubora wa Shule Uangaliwe Darasa la Pili

Kila mwaka matokeo ya darasa la saba yanapotoka, wazazi wengi wa Dar es Salaam ambao hata hawana mtahiniwa nyumbani huyafuatilia kwa hamu. Ukurasa wa Baraza la Mitihani unafunguliwa kwenye simu; unachaguliwa mkoa, halmashauri, kisha shule, na humo kuna kipengele kimoja ambacho macho yote hukikimbilia: wastani wa shule. Baada ya saa chache wastani huo umeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, umepangwa kuanzia juu kwenda chini, na Januari ikikaribia, mama anayemtafutia mtoto nafasi ya darasa la kwanza anajua, au anadhani anajua, shule ipi ya kuikimbilia na ipi ya kuikwepa. Mwanzoni mwa 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora, likieleza kwamba shule zinazoshindanishwa haziko katika mazingira yanayofanana. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, ila haukubadili tabia. Takwimu bado ziko wazi, na watu wanajitengenezea orodha zao.

Wastani huo si wa uongo. Tatizo lake ni kwamba unajibu swali ambalo mzazi wa darasa la kwanza hakuliuliza. Yeye anataka kujua shule itamfanyia nini mtoto anayeingia getini hajui herufi hata moja. Wastani unamwambia waliobaki mpaka Septemba ya darasa la saba walipata alama ngapi katika siku mbili za mtihani. Tena unamwambia habari za zamani. Waliofanya mtihani mwaka 2024 kwa kawaida waliandikishwa darasa la kwanza mwaka 2018, na katika jiji hili miaka sita inatosha kwa shule kubadilika kabisa: mwalimu mkuu amehamishwa, walimu watatu wazoefu wamestaafu, idadi ya wanafunzi imeongezeka maradufu. Sifa yenyewe huchangia mabadiliko hayo. Shule ya umma ikivuma, wazazi wanaihamia, madarasa yanafurika, na kile kilichoipa jina kinaanza kumomonyoka huku wastani ukiendelea kupendeza kwa miaka kadhaa, kwa sababu unawahesabu watoto waliojifunza kusoma kabla ya mafuriko. Kwa hiyo anayetaka kuipima shule ya msingi ya mjini aanzie chini, kwenye madarasa ya mwanzo, na aulize wangapi kati ya walioingia wamefika juu.

Tuutazame huo wastani kwa karibu. Masomo ni sita, kila moja lina alama 50, jumla ni 300. Chukua shule ya kubuni yenye watahiniwa 200. Kati yao 180 wana wastani wa alama 160. 20 waliobaki, ambao kusoma kwenyewe kunawasumbua, wana wastani wa alama 60. Wastani wa shule unakuwa 150. Sasa waondoe wale 20 kwa njia yoyote: wakaririshe darasa la sita, wahamishie shule nyingine, au waache tu wapotee bila mtu kwenda kuuliza nyumbani kwao. Wastani unapanda hadi 160, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza herufi mpya. Shule binafsi zimelalamikiwa kwa miaka mingi kwa mchezo huu, ule wa kumwambia mzazi kwamba mwanawe hajafikia wastani wa shule na atafute pa kumpeleka. Shule ya umma haina ruhusa ya kumfukuza mtoto kwa sababu ni mzito darasani, lakini nayo inajua kuhesabu.

Ushahidi upo. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, Serikali ilianza kuzipanga shule zote za msingi kwa matokeo ya darasa la saba na kuzitia rangi ya kijani, njano au nyekundu, tena kila shule ikajulikana nafasi yake ndani ya wilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza kilichofuata. Waligundua kwamba shule za mkiani katika kila wilaya ziliinua ufaulu, jambo ambalo wapenzi wa orodha wangelishangilia. Lakini waligundua pia kwamba shule hizohizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika kwenye mtihani. Mwalimu mkuu aliyebanwa na Afisa Elimu alitafuta nafuu pale ilipopatikana haraka, na baadhi ya watoto dhaifu wakaondolewa kwenye hesabu. Ukiamua kumheshimu au kumdharau mtu kwa namba moja, atakupa hiyo namba.

Hesabu ya taifa nayo inafundisha jambo. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na Januari 2016 watoto zaidi ya milioni 1.8 wakaandikishwa darasa la kwanza. Kundi hilo lilipaswa kufanya mtihani wa kumaliza mwaka 2022. Waliosajiliwa mwaka huo walikuwa 1,384,340. Wapo waliokariri darasa la nne baada ya upimaji wa kitaifa wakaja nyuma mwaka uliofuata, kwa hiyo si haki kusema wote wanaokosekana walikuwa watoro. Hata hivyo pengo linalozidi laki nne haliwezi kuelezwa lote kwa kukariri. Ufaulu wa mwaka ule ulitangazwa kuwa asilimia 79.62. Asilimia hiyo ni ya waliofanya mtihani, na hakuna shule inayoulizwa hadharani: mlipokea wangapi, na hawa wengine wako wapi?

Anayeamini kwamba asilimia ya ufaulu peke yake inaonyesha elimu inayotolewa atazame pia mwendo wake. Mwaka 2012 waliofaulu walikuwa asilimia 30.72. Mwaka uliofuata wakawa asilimia 50.61, na kufikia 2020 walikuwa asilimia 82.68. Baadhi ya kupanda huko ni kazi halali: mtaala wa KKK wa mwaka 2015 ulirudisha kusoma, kuandika na kuhesabu katika nafasi yake kwenye darasa la kwanza na la pili, na walimu wakapewa mafunzo. Lakini watoto wa nchi nzima hawawezi kuelimika kwa asilimia ishirini ndani ya miezi kumi na miwili. Mtihani ulibadilika, maandalizi ya mtihani yakabadilika, mitihani ya moko ikaongezeka, kambi za darasa la saba zikaota kila kata. Wakati huohuo tafiti za Uwezo, zilizowafuata watoto majumbani, zilikuwa zikionyesha kwamba takribani mmoja kati ya watano waliofika darasa la saba hakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili kwa Kiswahili, lugha anayoisikia kila siku. Mtoto huyo alikaa darasani miaka sita bila kugundulika, au aligundulika na ikaonekana hakuna la kufanya. Hapo ndipo palipo na swali la ubora.

Kisha kuna suala la nani anaingia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Ongezeko hilo la zaidi ya milioni moja halikujigawa sawasawa. Limemiminika pembezoni, Chanika, Kivule, Chamazi, Mbagala, Goba. Shule iliyojengwa kwa ajili ya kijiji cha mashamba ya mihogo inajikuta katikati ya mji. Upande wa pili zipo shule za katikati ya jiji, zikiwamo Olympio na Diamond pale Upanga, za Serikali lakini za mchepuo wa Kiingereza, ambako mtoto analetwa na mzazi aliyepanga mapema, mwenye nauli ya kumvusha mjini kila asubuhi na uwezo wa kufuatilia. Hakuna kosa katika hilo. Kosa ni kuchukua wastani wa shule ya namna hiyo, kuuweka kando ya wastani wa shule ya Mbagala, na kutangaza kwamba walimu wa kwanza wanafundisha vizuri kuliko wa pili. Sehemu ya alama zile ilitoka nyumbani, na sehemu nyingine ilitoka tuisheni ya jioni. Mwalimu wa tuisheni haandikwi kwenye ukurasa wa Baraza, ila kazi yake imo. Ukitaka kulinganisha, linganisha shule mbili za kata moja zinazopokea watoto wa mitaa ileile. Hapo tofauti ikionekana, ina maana.

Sasa, huko chini kuna nini cha kutazama? Kwanza kabisa, nani anafundisha darasa la kwanza na la pili. Mgawo wa vipindi wa mwanzo wa mwaka unaonyesha nia ya uongozi wa shule kuliko kaulimbiu iliyochorwa ukutani. Katika shule nyingi walimu wanaosifika hupangwa madarasa ya mitihani, la nne na la saba, na mikondo ya chini wanaachiwa waliobaki, mara nyingi mwalimu mmoja na watoto mia na zaidi. Mantiki yake inaeleweka, maana hakuna Afisa Elimu Kata anayemwita mwalimu mkuu kumuuliza darasa la pili linasomaje. Darasa la pili nalo lina upimaji wake wa KKK, lakini matokeo yake hayazunguki mitaani, kwa hiyo hayamtishi mtu. Shule inayomweka mwalimu wake bora wa Kiswahili darasa la kwanza inafanya uwekezaji ambao hautaonekana kwenye wastani kwa miaka sita. Mwalimu mkuu wa namna hiyo ni wa kutafutwa.

La pili ni daftari la mtoto, na hapa inafaa kukaa kidogo. Si daftari la kiranja wala lile linaloonyeshwa wageni siku ya mahafali. La mtoto wa kawaida wa mkondo wowote. Angalia tarehe zinaachana siku ngapi. Angalia kama kosa limezungushiwa na jibu sahihi likaandikwa chini yake, au ukurasa mzima umepigwa vema moja kubwa kutoka juu hadi chini, na ndani ya vema hiyo maneno matatu yameandikwa vibaya. Angalia kama kosa la Machi limeacha kujitokeza Juni. Halafu kumbuka hesabu inayomkabili mwalimu. Watoto 120, dakika moja kwa kila daftari, ni saa mbili kamili za kusahihisha zoezi moja. Akiwa anafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, na kila eneo likawa na zoezi kila siku, saa sita zinakwisha kwa kusahihisha tu, bado hajafundisha wala hajaandika andalio la somo. Anayesahihisha yote kila siku hayupo. Swali ni shule imejipangaje kukabili hali hiyo. Zipo zinazogawa mkondo mkubwa katika makundi na kusahihisha kundi moja kwa undani kila siku. Zipo zinazowapa walimu wenye vipindi vichache rundo zima la madaftari ya darasa la kwanza. Na zipo ambazo zimekubali yaishe. Zote hizo zinaweza kuwa na wastani unaokaribiana.

Mfumo wa zamu nao unataka jicho. Jiji limelazimika kuutumia kwa sababu vyumba havitoshi, na si dalili ya uzembe wa mtu. Lakini uliza nani anaingia zamu ya mchana. Mtoto wa miaka saba anayeanza masomo jua likiwa utosini, bati likiwaka, naye amezunguka mtaani tangu asubuhi, hajifunzi sawa na aliyeanza asubuhi. Shule nyingine huwabakiza madarasa ya mitihani asubuhi mwaka mzima na kuwasukumia wadogo mchana. Nyingine hubadilishana kwa wiki au kwa mwezi. Ratiba hiyo inapangwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na haigharimu shilingi.

Wapo watakaosema haya yote ni kupiga chenga, kwamba ubora wa shule ya mjini ni vifaa: madarasa, madawati, vitabu, vyoo. Hoja hiyo ina uzito. Kiwango kinachotakiwa ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wanafunzi 3,000, nusu kwa nusu, inahitaji matundu 135, na mtu yeyote anayepita shule za pembezoni mwa jiji anajua jinsi hali ilivyo mbali na hapo. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hiyo sehemu ya vitabu haifiki shuleni kama fedha. Msichana asiye na choo cha kufaa hakai darasani, na hilo halina mjadala. Madarasa mapya ya mradi wa BOOST yamepunguza msongamano mahali pengi, na ni haki yasifiwe. Hata hivyo vifaa ni sharti la kuanza kazi, kazi yenyewe ni nyingine. Katika jaribio la KiuFunza la mwaka 2013 na 2014, lililohusisha shule 350 katika wilaya 10, shule zilizopewa ruzuku ya ziada peke yake hazikuonyesha mabadiliko ya maana katika alama za wanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu. Palipotolewa ruzuku pamoja na motisha kwa walimu kwa kila mtoto aliyemudu kusoma au kuhesabu, alama zilipanda. Fedha ilileta tofauti pale mtu alipokuwa na sababu ya kuitumia kwa ajili ya mtoto wa chini. Mzazi anayechagua shule kwa rangi mpya ya ukuta na uzio wa matofali anaangalia nusu ya kwanza ya jaribio hilo na kuiacha nusu ya pili.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni jingine. Mtihani, watasema, hauna upendeleo. Unasahihishwa na mtu asiyekujua, swali ni moja kutoka Kagera mpaka Mtwara, na ukiuondoa unabaki na maoni: huyu anasema mwalimu ni mzuri, yule anasema ni mkali mno. Ni kweli, na ndiyo maana hakuna anayetaka mtihani ufutwe. Lakini kipimo kisicho na upendeleo kinaweza kupima kitu kisichotakiwa. Idadi ya walioandikishwa na idadi ya waliomaliza ni namba zisizo na maoni ndani yake. Kiwango cha kusoma cha darasa la pili nacho hupimika. Na ipo kazi ya Wathibiti Ubora wa Shule, ambao tangu mwongozo wa 2017 wanatazama maeneo sita, yakiwamo maendeleo ya wanafunzi, ufundishaji, uongozi, mazingira na ushiriki wa jamii, wakiingia darasani na kukagua madaftari. Taarifa zao zina mambo ambayo wastani hauwezi kuyajua. Zikibaki kabatini kwa mwalimu mkuu na kwenye mafaili ya halmashauri, mzazi atashika kile anachokiona kwenye simu, na hawezi kulaumiwa. Kubandika muhtasari wa taarifa ya mwisho kwenye ubao wa matangazo wa shule ni kazi ya karatasi moja na gundi, na kamati ya shule ina nafasi ya kuidai.

Tena kuna wanaosema yote hayo ni sawa, ila mtoto anahitaji alama ili aende sekondari nzuri. Kwa wachache wanaowania Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala au Msalato, alama ni kila kitu, na mzazi wa mtoto wa namna hiyo ana haki ya kuangalia juu. Kwa wengine karibu wote, aliyefaulu anaenda shule ya kata yake, awe amepata 130 au 190. Isitoshe, sera ya elimu ya toleo la 2023 imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Utekelezaji ulianza Januari 2024, na mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita wa mtaala mpya na wa darasa la saba wa mtaala wa zamani watamaliza pamoja. Mtoto anayeingia darasa la kwanza sasa hatakuwa na darasa la saba. Mzazi anayemchagulia shule kwa wastani wa darasa hilo anatumia kipimo ambacho mwanawe hatakutana nacho, na atakapofika kidato cha kwanza, ambako masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza, kitakachomwokoa au kumwangusha ni kama aliwahi kusoma aya moja na kuielewa.

Kipimo cha kusoma cha darasa la pili nacho kikitangazwa kwa orodha na rangi, watu wataanza kukifanyia hila vilevile. Watoto watakaririshwa hadithi ya mtihani na wazito wataambiwa wabaki nyumbani siku hiyo. Kwa hiyo kisigeuzwe kuwa ligi. Kinafaa zaidi mkononi mwa mtu mmoja anayetaka kufanya uamuzi mmoja. Vitabu vya kiada vya darasa la pili vinasomwa bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kabla ya kuandikisha, mzazi atafute majirani wenye watoto wa darasa la tatu na la nne katika shule anayoifikiria, hasa wa nyumba ambazo haziendi tuisheni, aombe ruhusa ya wazazi wao, awape hadithi fupi ya kiwango hicho ambayo hawajawahi kuiona, kisha awaulize imetokea nini humo. Watoto watano si sampuli ya kitakwimu. Lakini kama watatu kati yao wanahangaika na silabi, aende kwa mwalimu mkuu kabla ya kujaza fomu, amuulize nani anafundisha darasa la kwanza mwakani na mkondo wake utakuwa na watoto wangapi.